Kwa meli hadi Kemondo: safari ya kumkumbuka Baba Mkubwa, mtu wa mizani

Nimerudi Dar es Salaam wiki mbili sasa. Haya nimeyakusanya kutoka kwenye daftari dogo nililokuwa naandikia njiani, picha za simu na risiti nilizozikunja kwenye pochi. Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda Kamachumu, wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, kumaliza msiba wa Baba Mkubwa, kaka yake baba yangu, mkulima na mfanyabiashara aliyeanza na baiskeli moja.

Alifariki katikati ya Februari mwaka 2023. Mazishini sikufika, nilikuwa wodini nauguza mtoto. Arobaini ingeangukia mwishoni mwa Machi, lakini tarehe 21 Machi Serikali ikatangaza ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera, na familia ikaona si vyema kuita watu mia mbili wakae bega kwa bega, washikane mikono na kula sahani moja. Tukasubiri. Tarehe 2 Juni ugonjwa ukatangazwa umekwisha, na wazee wakapanga ibada iwe Jumamosi ya tarehe 1 Julai.

Jumanne, 27 Juni: Dar hadi Mwanza

Kituo cha Magufuli, Mbezi, saa kumi na moja alfajiri. Ilikuwa wiki ya Idd el-Hajj, na watu walikuwa wengi kuliko mabasi. Tiketi ya Mwanza nilikuwa nimeikata siku tano kabla, Sh 65,000. Jirani yangu wa kiti alikuwa ameikata usiku uliotangulia, akalipa zaidi na bado akapewa kiti cha nyuma kabisa. Wiki za sikukuu usisubiri.

Morogoro, Dodoma, Manyoni, yote ilikwenda salama na hakuna la kusimulia. Singida tulipewa dakika ishirini za kula: wali na robo kuku wa kienyeji, Sh 8,000.

Tulishuka mlima Sekenke jua likizama, na kabla ya Igunga tairi la nyuma likapasuka. Jeki ikagoma. Tukakaa gizani, upepo wa tambarare ukipiga, na watoto wakaanza kulia. Kutoka kwenye kaya moja ng'ambo ya barabara akatokea baba mmoja na tochi, nyuma yake vijana wawili wamebeba gogo. Hakuuliza kitu. Alilipima gogo kwa jicho chini ya ekseli, akaelekeza pa kuchimba, akachimba na yeye. Mkewe alileta ndoo ya maji na kikombe kimoja, tukanywa kwa zamu abiria wote. Tulipotaka kumchangia alipokea Sh 10,000 akasema inatosha, nyingine akarudisha.

Tulifika stendi ya Nyegezi saa tisa kasoro usiku. Dereva alituruhusu kulala ndani ya basi hadi kupambazuke. Beba sweta, hata kama Dar unatoka na jasho.

Jumatano, 28 Juni: Mwanza

Nilipata chumba cha Sh 25,000, nikalala hadi saa sita mchana. Jioni nilikwenda mwalo wa Kirumba, kwa sababu huko ndiko Baba Mkubwa alikoifahamu biashara.

Yeye alikuwa na kanuni moja ya usafiri: gari lisirudi tupu, na meli isirudi tupu. Ndizi za kupika zilitoka Kamachumu zikaja Mwanza, na pesa ya ndizi ikanunua dagaa wakavu, wakarudi Kagera kwa magunia. Faida ya ndizi ilikuwa nyembamba. Wakati mwingine mikungu ilifika imeiva njiani ikauzwa kwa hasara. Dagaa ndio walioziba pengo. Nikiwa mdogo nilidhani yeye ni mtu wa ndizi, kumbe ndizi zilikuwa zinamlipia nauli ya kuja kununua dagaa.

Kirumba bado kunanuka vilevile. Kinamama wanaopeta dagaa wamekaa juu ya ndoo zilizofunikwa, mikono yao inakwenda kama mashine. Nilinunua debe moja la kupeleka nyumbani. Muuzaji alinijazia hadi kikawa kichuguu, halafu akalitikisa debe lishuke, akaongeza tena. Kwa mara ya kwanza nilikumbuka kwa nini Baba Mkubwa hakulipenda debe. Alisema debe linapimwa na mkono wa mwenye kuuza, kilo inapimwa na Mungu.

Alhamisi, 29 Juni: Igoma, kisha meli

Asubuhi nilipanda daladala kwenda Igoma, barabara ya Musoma. Pale ndipo walipozikwa wengi wa waliokufa katika meli ya MV Bukoba, iliyozama karibu kabisa na Mwanza asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996. Watu zaidi ya 800 walipotea. Meli ilitoka Bukoba jioni ya tarehe 20, ikapita Kemondo ikapakia watu na ndizi, na ndani yake walikuwemo vijana wawili wa kazi wa Baba Mkubwa, wa kusindikiza mzigo. Mmoja alitambuliwa akarudishwa kijijini. Wa pili hakuonekana kamwe, na familia yake iliamua kumhesabu kuwa yuko hapa Igoma.

Mara ya kwanza kufika nilikuja na Baba Mkubwa, mwaka 2009. Alikuwa ananipeleka shule ya bweni hapahapa Mwanza, kidato cha tano. Sanduku langu na godoro tuliviacha kwa wenyeji, tukapanda gari kuja Igoma kabla hata ya kwenda kuripoti. Kila alipofika Mwanza alifika hapa. Alisimama mbele ya makaburi yaliyopangwa kwa safu, kofia mkononi, pengine dakika tano. Hakuomba kwa sauti. Tulipotoka alinieleza kwamba kijana yule aliacha watoto watatu, na kwamba wa mwisho alikuwa darasa la sita. "Bado miaka mingi," alisema. Nilielewa baadaye kuwa alikuwa anahesabu ada.

Leo nilikaa peke yangu. Mzee mmoja mtunza eneo alikuwa anafyeka nyasi. Aliponiuliza nimemfuata nani, nilishindwa kujibu vizuri, kwa sababu niliyemfuata hakuzikwa pale. Nikamwambia nimeletwa na mtu. Akaitikia kwa kichwa akaendelea kufyeka.

Kwa wanaotaka kupanda meli: MV Victoria, iliyokarabatiwa ikarudi ziwani mwaka 2020 na jina la nyongeza Hapa Kazi Tu, inabeba abiria 1,200 na mizigo tani 200. Haiendi kila siku, basi uliza ratiba bandarini kabla hujatoka nyumbani, na uwe na kitambulisho. Daraja la pili la kulala lilinigharimu Sh 31,000 na ushei. Daraja la tatu ni nafuu zaidi, ila ufike mapema upate pa kuegemea. Mzigo unapimwa na kulipiwa kivyake. Debe langu la dagaa lilipita bila neno.

Tuliondoka usiku. Kwenye kitanda cha chini alikuwa mama mfanyabiashara wa Kemondo, amejifunga khanga mbili, ana chapati kwenye ndoo yenye mfuniko. Alinikatia nusu ya kila alichokula. Baba Mkubwa hakumjua, na nilifurahi, kwani kwa wiki nzima kila niliyezungumza naye alikuwa na la kusema juu yake. Yeye alinisimulia habari za baba yake mwenyewe.

Baba yake aliuza butura.

Kwa wasiotoka Kagera nieleze kidogo. Mkulima ana kahawa shambani, bado maua au punje za kijani. Mavuno bado yapo mbali, lakini mtoto anatakiwa shule Januari, au mke anaumwa. Anakuja mtu mwenye pesa, anazunguka na mwenye shamba, anahesabu mibuni, anataja bei. Bei hiyo ni sehemu ndogo tu ya ile ya msimu. Mkulima anapokea, na kahawa ya mwaka ule si yake tena: atailimia, atailinda, ataichuma, mwingine atauza. Mwakani anaanza hana akiba, kwa hiyo anauza butura tena. Serikali imeipiga marufuku miaka nenda rudi, nayo inafanyika usiku, kwa maneno, bila karatasi. Baba wa mama yule aliuza butura miaka minne mfululizo, wa tano akauza kipande cha kibanja, shamba la nyumbani. "Sisi tulikula maua," aliniambia, kisha akajifunika akalala.

Sikupata usingizi haraka. Nilipanda juu. Taa za Mwanza zilikuwa zimekwisha, ziwa lilikuwa jeusi na tulivu, na nikawafikiria wale vijana wawili.

Ijumaa, 30 Juni: Kemondo hadi Kamachumu

Nilishuka Kemondo alfajiri. Anayekwenda Muleba au Kamachumu hana haja ya kufika Bukoba mjini na kurudi. Bandarini kulikuwa na ndoo za maji na sabuni zilizobaki tangu wakati wa Marburg, na watu walikuwa bado wanazitumia. Chai ya maziwa na chapati mbili, Sh 1,500. Hiace hadi Muhutwe, Sh 2,000, na pale barabara ya Kamachumu inaacha lami kuu na kupanda.

Kijana wa bodaboda aliniuliza naenda kwa nani. Nilipotaja nyumba, akataja bei: Sh 7,000. Hakupunguza wala hakuongeza. Tulipokuwa tunapanda, ukungu umekaa kwenye migomba na harufu ya kahawa mbichi iliyoanikwa imejaa njia nzima, alianza kuzungumza bila kugeuka.

Pikipiki hii ilikuwa ya mkataba, kutoka kwa Mzee, yaani Baba Mkubwa. Kila Jumamosi alitakiwa kupeleka hesabu. Wiki aliyozaa mkewe aliomba aruhusiwe kuruka. Mzee alimtuma Mama Mkubwa apeleke kanga, sabuni na mkungu wa ndizi, lakini hesabu ya wiki ile aliidai yote. "Niliumia, dada, nisikufiche. Nilimsema mtaa mzima." Ila siku aliyomaliza malipo ya mwisho, saa kumi na mbili jioni, Mzee aliingia ndani akatoka na kadi ya pikipiki, tayari imeshasainiwa, mkataba umechanwa. "Kuna watu wanakaa na kadi yako mwaka mzima, kila siku njoo kesho. Yeye alikuwa ameisaini kabla sijafika."

Nilimpa noti ya elfu kumi, akatafuta chenji mifukoni hadi akaipata.

Mama Mkubwa alinipokea mlangoni. Hakulia, nililia mimi. Sebuleni palikuwa pametandazwa nyasi mpya kama desturi ya zamani, na juu ya nyasi wamekaa kinamama wanamenya ndizi, mlima wa maganda upo nje. Kabla ya chai nilipewa kahawa ya kutafuna kutoka kwenye kifurushi kidogo cha gamba la mgomba: punje zilizochemshwa na majani ya kienyeji, zikakaushwa. Unaitafuna polepole, inakuwa chungu, halafu inakuwa tamu nyuma ya ulimi. Mgeni asiyepewa hiyo hajapokelewa.

Jumamosi, 1 Julai: ibada

Watu walikuja wengi kuliko viti. Mchungaji aliongoza ibada uwanjani, kaburi likiwa hatua thelathini ndani ya kibanja, katikati ya migomba aliyoipanda mwenyewe.

Wasifu ulisomwa na kaka yangu mkubwa. Baba Mkubwa alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1940. Baiskeli alinunua akiwa kijana, akawa anabebea watu kahawa ya maganda hadi ghala la chama cha msingi, kwa ujira. Vyama vikuu vya ushirika vilipofutwa mwaka 1976 na malipo ya kahawa yakawa ya kuchelewa, akageukia ndizi na dagaa, akanunua nusu ya lori la Bedford na rafiki yake. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakaingia Kagera na daraja la Kyaka likavunjwa. Bedford ikachukuliwa na Serikali kubeba askari na chakula. Ilirudi mwaka uliofuata ikiwa haina kioo cha mbele, akaiendesha hivyohivyo miezi kadhaa, macho yamefungwa na miwani ya kuchomelea vyuma. Biashara ya kahawa ilipofunguliwa kwa watu binafsi miaka ya 1990, alichukua leseni, akafungua ghala. Tangu mwaka 2018 kahawa iliporudishwa kupitia vyama vya msingi, alifunga ghala siku ileile, akabaki na shamba, duka na pikipiki.

Mnyauko wa migomba ulipoingia Muleba mwaka 2006 watu wengi waliuficha. Migomba inanyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ukikata shina linatoka usaha wa njano. Kukata mashina ni kukata chakula cha watoto. Bwana shamba alikuwa anasema kata, chimbua, fukia, na panga lipitishe motoni kabla ya kugusa shina jingine. Baba Mkubwa alikata mashina mia na zaidi kwa mkono wake, upande unaotazama barabara ili kila mtu aone. Jambo hili halikusomwa kwenye wasifu. Alilisema jirani, alipopewa nafasi, na alisema pia kuwa mwaka ule alimchukia.

Kisha wosia. Kibanja cha ukoo kilikwenda kwa kaka mkubwa, msika, yaani mrithi mkuu, kama ilivyo desturi. Lakini mashamba mawili aliyoyanunua kwa pesa yake, moja la mibuni na moja la rweya, yaani uwanda wa nyasi, alikokata nyasi za kutandaza shambani, aliwaandikia binti zake wawili. Minong'ono ilipita kwa wazee wa ukoo. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza iliamua, katika shauri la mwanamke wa Kihaya, kwamba mwanamke ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo sawa na mwanamume. Baba Mkubwa alikuwa amekata kipande cha gazeti cha habari ile, na kilikuwa kimebanwa kwenye wosia kwa pini iliyoshika kutu. Mzee mmoja alisimama akataka kusema kitu. Mama Mkubwa, ambaye alikuwa hajanyanyua kichwa tangu asubuhi, alisema tu, "Waitu, hilo alinunua. Risiti ipo." Mzee akakaa.

Chakula: ndizi na maharage vilivyopikwa sufuria moja, nyama ya ng'ombe, samaki wa kukaanga, na lubisi, pombe ya ndizi, kwa wanaotumia. Mwisho kaka akatangaza kama ilivyo kawaida: anayemdai marehemu aje kwa familia, na anayedaiwa vilevile, kesho baada ya ibada ya Jumapili.

Jumapili, 2 Julai: daftari

Sikutegemea kama watakuja. Walikuja kumi na moja.

Meza iliwekwa barazani, na kwenye boriti ikatundikwa mizani ya kuning'iniza, ile ya uso wa mviringo kama saa. Ubavuni ina stika za Wakala wa Vipimo, moja juu ya nyingine, za miaka mingi, kingo zimejikunja kama magamba ya samaki. Chini yake lipo jiwe la chuma la kilo 10. Kila alipopima, Baba Mkubwa alianza kwa kulitundika jiwe lile mbele ya mwenye mzigo. Mshale ukisimama kwenye 10, ndipo anapima chako. Alifanya hivyo hata kwa mtu aliyempimia mara mia. Vijana walioajiriwa walilalamika kwamba anapoteza muda, na kwenye maghala mengine watu walipima gunia la rumbesa, lililojazwa kupita kiasi, kwa bei ya gunia la kawaida na jioni wakawa wamekwisha kujaza lori.

Daftari lenyewe ni kaunta buku lenye jalada gumu, penseli imefungwa kwa uzi wa mgomba. Safu nne: tarehe, jina, kiasi, maelezo. Hapa nilielewa alivyofanya. Mtu alipomjia Januari kutaka kuuza butura, alikataa. Alimwambia kahawa ya kijani haina bei. Badala yake alimkopesha pesa, na mtu akarudisha pesa ileile baada ya msimu, au mazao kwa bei ya siku ya kuleta. Hakuongeza riba. Lakini hakusamehe pia. Nimepekua kurasa nyingi nikitafuta neno "amesamehewa". Lipo mara mbili tu, na mara zote mbili mbele ya jina kuna msalaba.

Wapo waliomwita bahili, na nimesikia hata ndani ya ukoo. Mimi nasema hivi: kijiji kile kilikuwa na wakarimu wengi waliogawa pombe na nyama kwenye sherehe, na baadhi yao ndio walionunua maua ya kahawa ya jirani zao. Yeye hakugawa kitu. Alirudisha chenji.

Mdaiwa wa saba alikuwa mzee sana, amekuja na mjukuu na gunia la maharage. Deni lake Sh 60,000, la Januari. Bei ya maharage sokoni ilikuwa Sh 2,500 kwa kilo, kwa hiyo kilo 24. Mama Mkubwa alitundika jiwe kwanza. Mshale, 10. Akatundika gunia. Mshale ulipita 25. Mzee akasema acha, waitu, hiyo ya juu ni rambirambi. Mama Mkubwa hakumjibu. Alifungua gunia, akaanza kuchota kwa kiganja na kurudisha kwenye kikapu cha mjukuu, anachota, anatazama mshale, anachota, hadi punje za mwisho alizirudisha kama mtu anayehesabu dawa. Aliposimamisha kwenye 24 akachukua penseli, akapiga mstari, akaandika "imelipwa" kwa mwandiko mkubwa wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Ndipo akashika mikono ya mzee yule kwa mikono yake miwili, na ndipo wote wawili walipolia.

Jioni, watu wameondoka, niliendelea kupekua kurasa za nyuma. Mwaka 2009. Jina la baba yangu. Kwenye maelezo: "Ada ya binti 70,000. Godoro 25,000. Nauli 15,000." Jumla 110,000. Hakuna mstari.

Miaka yote nilidhani ilikuwa zawadi. Baba yangu alifariki mwaka 2012, na hakuwahi kunieleza. Nilimpelekea Mama Mkubwa daftari nikamwonyesha kidole. Alisoma, akasema, "Ndiyo. Lilikuwa la baba yako. Mzee alisema wewe ukikua utaliona mwenyewe." Nikamwuliza mbona hakunidai. "Hukukopa wewe."

Nilikuwa na Sh 143,000 ya kurudia. Nilihesabu 110,000 mezani. Alizihesabu upya, noti moja moja, akatafuta penseli.

Jumatatu, 3 Julai: kurudi

Mpango wangu wa kupanda meli tena ulikufa. Kaka alinifikisha Muleba kwa pikipiki, nikapanda basi la asubuhi la Mwanza, na dada yangu wa Dar akanitumia nauli iliyobaki kwa simu. Njia ya nchi kavu inapita Biharamulo na Geita hadi Busisi, ambako wakati huo tulivuka kwa kivuko kwenda Kigongo. Daraja jipya la kilomita tatu, lililofunguliwa mwaka 2025, lilikuwa bado linajengwa pembeni, nguzo zimesimama majini. Kabla halijakamilika, foleni ya kivuko ilikuwa ya saa moja au mbili. Tulisubiri saa moja na nusu. Kulikuwa na kinamama wanauza samaki wa kukaanga kwenye beseni, Sh 2,000 mdogo, na mahindi ya kuchoma.

Nilinunua hindi moja, Sh 500. Kwenye mkoba nilikuwa na mkungu mdogo wa ndizi, kifurushi cha kahawa ya kutafuna, na karatasi aliyoichana Mama Mkubwa kutoka nyuma ya daftari, yenye tarehe, jina la baba yangu, kiasi, neno "imelipwa" na saini yake. Nilipomwambia siihitaji risiti alinitazama kwa mshangao, akaikunja mara mbili, akanitia mwenyewe mkononi.